MLIMA UNAPANGWA MBELE YA KUPANDWA



Kila mwaka, mitihani ikikaribia kwisha, sisi wakapita tunapokea ombi lilelile: "Tupange safari ya kupanda mlima!" Wengine wanataja Nyiragongo, na wale wenye moyo mkubwa zaidi wanataja Karisimbi. Neno la usalama, la njia na la ruhusa ya Park ya Virunga liko mikononi mwa wakubwa. Pasipo hilo hakuna safari hata kidogo. Lakini kuna neno lingine ambalo hata sisi wanafunzi tunaweza kulijua vizuri: ginsi hewa ya huko juu inavyogeuka. Watu wanahesabu mikate, wanahesabu feza, lakini hawahesabu mvula. Basi tuihesabu pamoja.

Karisimbi ni mlima gani?

Karisimbi inapita ndugu zake wote wa Virunga kwa urefu: metre 4507. Iko kwenye mpaka wa Congo na Rwanda. Watu wanasema jina lake linatoka katika neno "isimbi", maana yake simbi nyeupe, kwa sababu mara na mara kichwa cha mlima kinakuwa cheupe juu ya mvula ya mawe ao theluji. Kumbe, jina lenyewe ni onyo. Chini kuna pori lenye miti mikubwa, mutu anaweza kujikinga kidogo. Juu zaidi miti inakuwa mifupi, na karibu na kilele inabaki majani, mawe na upepo. Kule hakuna pa kujificha.

Baridi inahesabiwa

Sawasawa tunavyojifunza katika jografia, kila metre 1000 unazopanda, baridi inaongezeka kwa degre 6 hivi. Goma iko karibu na metre 1500. Toka Goma hata kilele ni metre 3000, ndiyo kusema degre 18. Kama Goma iko na degre 24, kilele kiko na 6 tu, na ni mchana huo! Usiku maji yanaweza kuganda. Tena hesabu hiyo ni ya mutu mkavu asiyepigwa na upepo. Nguo ikilowa, upepo unanyanganya mwili joto lake haraka sana. Kwa hiyo meteo mnayosoma katika telefone, inayosema habari ya mji, haitoshi. Sharti kuuliza habari ya kule juu, ao kupiga hesabu ninyi wenyewe.

Habari ya mwaka 1908

Wengine watasema: "Tutapanda wakati wa jua, hakuna shida." Ni kweli kwamba miezi mizuri ni ya sita, ya saba na ya nane, na tena ile miezi mifupi ya kwanza na ya pili. Lakini wakati wa jua si ahadi. Katika mwezi wa pili wa mwaka 1908, Mudachi mmoja mwenye elimu ya mawe, Egon Kirschstein, alikuwa Karisimbi pamoja na wapagazi wake. Theluji na mvua ya mawe ikawakuta juu kwa gafula. Wapagazi 20 walikufa kwa baridi. Hawakuuawa na nyama wala na moto wa volkano. Walikuwa watu wenye nguvu, waliozoea kubeba mizigo, lakini nguvu si nguo. Tuliposoma habari hii tuliona kwamba wale wanaokufa kwanza ni wale wenye nguo chache. Kwa hiyo, mbele ya kutoka shuleni, tusiangalie yule mwenye koti nzuri. Tuangalie yule asiyekuwa nayo.

Saa ya kurudi

Asubui jua linapasha mlima joto. Hewa yenye maji inapanda pembeni ya mlima, inapoa, inakuwa mawingu. Karibu na saa sita ya mchana mawingu yanasimama juu kama nguzo, na kisha yake ni ngurumo na mvula. Si kila siku, lakini ni siku nyingi. Kwa hiyo mpango mzuri ni huu:

1. Safari inachukua siku mbili. Siku ya kwanza wanalala chini ya kilele, karibu na metre 3700. Hii inasaidia pia mwili kuzoea hewa kidogo. Mwenye kuumwa kichwa sana na kutapika asipande tena, ashuke.
2. Siku ya pili wanaondoka mbele ya jua kutoka, saa kumi ya usiku.
3. Saa ya kurudi inakatwa chini, mbele ya kupanda: tuseme saa ine ya asubui. Saa hiyo ikifika, wote wanageuka, hata kama kilele kiko pale mbele ya macho.
4. Mutu mmoja anachaguliwa kusema "turudi", na neno lake halibishwe. Asiwe yule mwenye mbio kuliko wote. Mwendo ni wa yule wa nyuma.

Radi na baridi ya hatari

Mashariki ya Congo ni moja ya pahali pa dunia panapopigwa na radi kupita kiasi. Ukiona umeme, hesabu segonde mpaka ngurumo: kila segonde 3 ni kilometre 1. Kama hazifike 30, radi iko karibu: shukeni mara moja, mbali na kilele na mbali na mti unaosimama peke yake. Musishikane wala kukusanyika, acheni nafasi kati yenu. Ngojeni dakika 30 kisha ngurumo ya mwisho.

Na baridi, hatari yake inaanza polepole. Mutu anatetemeka, anajikwaa, anasema maneno yasiyoeleweka. Kisha anaacha kutetemeka, na wenzake wanasema: "Sasa amepona." Hapana! Hapo ndipo anapokaribia kufa. Mumutoe katika upepo, mumuvue nguo zilizolowa, mumuvike kavu, mumufunike pamoja na mwenzake. Kama anaweza kumeza, mumupe chai ya moto yenye sukari. Pombe isimuguse, inazidi kupoteza joto.

Kwa hiyo kila mutu abebe: triko mbili, kofia, nguo kavu ndani ya sashe ya plastiki, na kitu cha kuzuia mvula. Yule ambaye hana, darasa limutafutie mbele ya siku ya safari. Asiposhonewa ao kuazimwa, safari ingoje.

Tunajua kuna watakaosema kwamba kurudi bila kufika kilele ni haya. Sisi tunaona vingine. Karisimbi itakuwa pale mwaka ujao, na mwaka mwingine. Darasa likienda watu 25, lirudi watu 25. Hiyo ndiyo hesabu ambayo kapita atajibu mbele ya wazazi.

Kapita wa wanafunzi, darasa la 6