Je, Wajua? Nyumba Inayofuata Upepo

Je, wajua kwamba mabaharia wa pwani yetu wana jina la siku ambazo kaskazi imekwisha na kusi haijashika? Huziita tangambili, au maleleji. Upepo hauna mwelekeo, na nahodha mwenye busara hukaa bandarini akakarabati chombo chake. Huko pwani ya mashariki ya Marekani wako wenzi, wengi wao wastaafu, ambao maisha yao yote ni kuhama baina ya msimu na msimu. Nyumba yao ni mashua ya matanga ya mita kumi hivi, yenye kitanda, jiko na choo. Majani yakianza kupukutika huelekea kusini. Joto likirudi, nao hurudi kaskazini. Watu huwaita ndege wa theluji.

Anayewapangia ratiba ni kimbunga. Msimu wa vimbunga vya Atlantiki huhesabiwa kuanzia Juni 1 hadi Novemba 30, na mikataba mingi ya bima huweka mpaka ambao mashua haitakiwi kuuvuka kwenda kusini katika miezi hiyo.

Kutoka Norfolk, Virginia, hadi Miami si lazima waingie bahari kuu. Ipo njia ya maji ya ndani, Intracoastal Waterway, ya mito, ghuba na mifereji ya kuchimbwa, yenye urefu wa kilomita 1,750 hivi. Kikwazo ni mlingoti. Madaraja mengi yasiyofunguka huacha nafasi ya futi 65, karibu mita 20, maji yakijaa. La Julia Tuttle, Miami, huacha futi 56 tu. Wako mabaharia ambao huning'iniza mifuko mikubwa ya maji ubavuni mwa mashua ili ilalie upande, ncha ya mlingoti ishuke, wapite.

Sehemu moja ya njia hiyo inatugusa sisi Waafrika, na sioni sababu ya kuipita haraka. Mfereji wa Dismal Swamp, unaokata kinamasi kati ya Virginia na North Carolina, ulianza kuchimbwa mwaka 1793 na kufunguliwa 1805. Kilomita 35 za tope na mizizi zilichimbwa kwa mikono, na waliochimba wengi wao walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao. Ndani ya kinamasi hicho hicho, watumwa waliotoroka walijenga makazi ya mafichoni wakaishi huru. Moses Grandy, mtumwa aliyekuwa nahodha wa mashua za mizigo mferejini humo, alilipia uhuru wake mara tatu. Mabwana wawili walichukua fedha zake kisha wakamgeuka; wa tatu ndiye aliyetimiza ahadi. Masimulizi yake yalichapishwa London mwaka 1843. Maji ya mfereji huo yana rangi ya chai isiyo na maziwa, kwa sababu ya miti ya kinamasini, na zamani meli ziliyachota kwa safari ndefu kwa kuwa hayakuharibika upesi.

Mbele katika njia hiyo hiyo, jimboni Georgia, maji hupwa na kujaa kwa zaidi ya mita 2. Asiyeijua saa ya kupwa hupwelewa, akabaki matopeni mpaka bahari imrudie.

Kutoka Florida hadi Bimini, visiwa vya karibu vya Bahamas, ni kilomita 80 hivi tu. Lakini katikati hupita mkondo wa Gulf Stream ukienda kaskazini, na upepo wa kaskazini ukikutana nao, mawimbi husimama kama kuta. Basi wenzi hungoja, siku, pengine wiki.

Wenzi mabaharia Lin na Larry Pardey waliijua subira hiyo vizuri. Mwaka 1969 waliondoka California kwa Seraffyn, mashua ya futi 24 waliyoiunda wenyewe, isiyo na injini. Waliizunguka dunia wakijipatia riziki bandarini kwa kukarabati vyombo vya watu.

Na je, wajua kwamba wenzi wa mashuani, wanaoishi chumba kimoja mwaka mzima, safarini usiku huonana kwa shida? Hupokezana zamu za saa tatu au nne. Mmoja anapanda kushika usukani, mwingine anashuka kulala, na shuka anayojifunika bado ina joto la mwenzake.