Nilichomficha daktari, rangi ya maabara ilikifichua

JUMATATU moja ya mwaka 2012 nilikaa kwenye benchi la hospitali moja ya mkoani nikiwa nimempakata mwanangu wa miaka saba. Macho yake yalikuwa ya njano kama ndimu mbivu. Viganja vyake vilikuwa vyeupe. Mkojo wake, tangu Jumamosi, ulikuwa umekolea kama chai ya rangi iliyochemka mno.

Daktari aliniuliza swali ambalo kila mzazi huulizwa: "Mwalimu, amekunywa dawa yoyote nyumbani?"

Nikajibu hapana.

Ulikuwa uongo. Alhamisi jioni nilikuwa nimempa kwa mkono wangu kidonge cha kwanza kati ya sita nilivyoletewa na jirani yetu pale Nyanza-Lac, mama anayefanya biashara ya kuvuka mpaka wa Mugina na Manyovu hadi Kigoma. Vilifungwa katika kipande cha karatasi ya daftari. "Mwalimu, hii ni dawa ya mkojo, mimi mwenyewe ilinisaidia," aliniambia kwa nia njema kabisa. Mtoto alikuwa na homa kidogo na alilia akienda haja ndogo. Sikuuliza jina la dawa, wala boksi lake.

Kwa nini nilidanganya? Ni aibu tu. Mimi ni mwalimu wa baiolojia. Wiki mbili tu kabla ya siku hiyo nilikuwa nimewaonya wanafunzi wasinywe vidonge vya kuokoteza, na pale kwenye benchi walikuwapo wazazi wa wanafunzi haohao.

Nayaandika haya leo kwa sababu sisi tuliorudi kutoka uhamishoni, na ninyi mnaovuka mpaka kila wiki, tuna mazoea yanayofanana: dawa mfukoni, siri mdomoni. Siri hiyo nusura inigharimu mtoto.

Kitunguu cha Katumba

Nilizaliwa Katumba, Mpanda, katika makazi ya Warundi waliokimbia mwaka 1972. Nilisoma huko kwa mtaala wa Tanzania, nikarudi nyumbani mwaka 2008 nikiwa na mke na mtoto. Sekondari yetu ilikuwa na hadubini moja, na tuliipangia foleni kama foleni ya maji.

Siku ya kwanza mwalimu alibandua ngozi nyembamba ya kitunguu, akaitandaza juu ya kioo, akatuita tuchungulie mmoja mmoja. Hatukuona kitu cha maana. Kisha akadondosha tone la iodini. Aliyefuata kwenye foleni alipiga kelele: "Matofali!" Ndivyo seli za kitunguu zilivyoonekana, zimepangana kama ukuta, kila moja na kiini chake cha rangi ya kahawia.

Sababu yake si ngumu. Seli nyingi hazina rangi yake yenyewe, hivyo mwanga hupita ndani yake kama unavyopita kwenye maji. Ukiweka rangi, sehemu fulani za seli huishika zaidi kuliko nyingine, na tofauti hiyo ndiyo jicho linayoiona.

Ndiyo maana Alphonse Laveran, daktari wa jeshi la Ufaransa, alipoviona vimelea vya malaria kwenye damu mbichi isiyotiwa rangi huko Constantine, Algeria, mwaka 1880, wenzake wengi hawakumwamini. Mwaka 1891 Mrusi Dmitri Romanowsky alionyesha faida ya kuchanganya rangi mbili, bluu ya methilini na eosini nyekundu. Mwaka 1904 Gustav Giemsa, mkemia wa Hamburg, akaiboresha njia hiyo. Rangi ya Giemsa ndiyo inayotumika hadi leo katika maabara zetu, kutoka Bujumbura hadi Kigoma.

Kioo cha kwanza

Tone la damu ya mwanangu lilitolewa kidoleni. Mtaalamu wa maabara alitengeneza sehemu mbili juu ya kioo kimoja: tone nene, na tone jembamba lililovutwa kwa ukingo wa kioo kingine hadi likawa kama utando.

Lile jembamba alilichovya kidogo katika methanoli ili seli zigande zilivyo. Lile nene hakuligusa kwa methanoli, maana pale seli nyekundu zinatakiwa zipasuke, wabaki vimelea na seli nyeupe. Kisha akamwaga Giemsa iliyochanganywa na maji yaliyopimwa, akasubiri dakika kumi, akasuuza, akaanika.

Chini ya hadubini inayokuza mara 1,000, kimelea cha malaria hujitokeza na mwili wa bluu na kiini chekundu, kama pete ndogo yenye kito. Ukikiona hivyo mara moja, hukisahau.

Alichungulia sehemu mia moja za kioo kile, kama utaratibu unavyotaka kabla ya kutamka kwamba hakuna malaria. Hakukiona hata kimoja. Kwa hiyo si malaria. Lakini mtoto alikuwa anazidi kupauka, na wingi wa damu ulikuwa umeshuka hadi 7.

Hapo wapo ambao wangefunga daftari, au wangeandika kwinini "kwa tahadhari". Yeye alirudi kwenye lile tone jembamba. Baada ya muda akatoka nje, akanivuta pembeni.

"Mwalimu, seli za mtoto zimeng'atwa," aliniambia kwa sauti ya chini. "Ni kama chapati iliyomegwa ukingoni. Mara nyingi nikiziona hivi, kuna dawa imepita. Umempa nini?"

Nilinyamaza kidogo, kisha nikasema yote: karatasi ya daftari, vidonge sita, vinne vimeshanywewa. Hakunigombeza. Alisema tu, "Basi nilitumia rangi isiyo yake."

Rangi ya pili

Maneno hayo nimeyabeba hadi leo, kwa maana sikuwahi kuyafikiria hata mimi niliyefundisha seli kwa miaka. Nilidhani ukiweka rangi unaona kila kilichomo. Sivyo. Kila rangi hujibu swali lake. Giemsa hujibu vizuri ukiuliza, "Kuna malaria?" Ukiiuliza, "Dawa imeharibu nini ndani ya seli nyekundu?" haikupi jibu lote.

Alichukua damu mbichi, safari hii hakuigandisha kwa methanoli. Aliichanganya na rangi ya zambarau, jamaa ya ile GV tuliyopakwa mdomoni na kwenye vidonda tulipokuwa wadogo. Akaiacha kwa muda, akadondosha tone kioona, akaniita nichungulie.

Seli nyekundu zilikuwa zimefifia, lakini nyingi zilikuwa na vidoto vya zambarau vilivyobanana ukingoni, kama mbegu za tikiti zilizonata kwenye ganda. Vidoto hivyo vina jina la Robert Heinz, Mjerumani aliyevieleza mwaka 1890. Ni himoglobini iliyoharibika, ikaganda, ikajishikiza kwenye ukuta wa seli. Bandama huvinyofoa, na hapo ndipo seli inapobaki imemegwa. Nyingine hazifiki huko, hupasuka, na rangi ya damu hutoka na mkojo.

Kesho yake jirani yetu alituma boksi la zile dawa alilokuwa amelisahau kwenye kikapu. Ilikuwa nitrofurantoini, dawa halali ya maambukizi ya njia ya mkojo, wala haikuwa feki. Na hapa pana mtego: dawa hiyo yenyewe inaweza kuubadilisha mkojo ukawa kahawia bila madhara yoyote. Kama ningemtazama mtoto kwa mkojo peke yake, ningeweza kujifariji kwamba ni rangi ya dawa tu. Kioo cha zambarau ndicho kilichosema kwamba seli zinakufa.

Kosa liko wapi?

Jirani alikunywa dawa ileile akapona. Mwanangu aliinywa ikamvunja. Tofauti ni kimeng'enya kinachoitwa G6PD, ambacho huzilinda seli nyekundu dhidi ya aina fulani za kemikali. Mwenye upungufu wake anaweza kuishi miaka mingi bila kujua, mpaka siku atakapokutana na dawa isiyomfaa. Upungufu huu hurithiwa, na huwapata zaidi wanaume, ambao huupokea kwa mama zao. Inakadiriwa watu wapatao milioni 400 duniani wanao, na umeenea sana kwenye nchi za malaria, kwa kuwa unatoa kinga fulani dhidi ya malaria kali.

Elimu hii ilipatikana kwa gharama ya watu wengine. Katika miaka ya 1950 wanajeshi wa Marekani waliorejea kutoka vita ya Korea walipewa primakwini ya kumaliza malaria. Baadhi yao, hasa wenye asili ya Afrika, damu ilipasuka. Watafiti waliofanya majaribio kwa wafungwa wa gereza la Stateville, Illinois, ndio waliotangaza mwaka 1956 kwamba chanzo ni upungufu wa G6PD.

Na jambo linalonishangaza kila ninapolifundisha ni kwamba rangi na dawa hizi ni ndugu. Mwaka 1891 mjini Berlin, Paul Ehrlich na Paul Guttmann waliwanywesha wagonjwa wawili wa malaria bluu ya methilini, kwa fikra kwamba rangi inayomshika kimelea huenda ikamuua. Walipata nafuu. Wakemia wa Kijerumani walianzia kwenye rangi hiyo kutengeneza dawa mpya miaka ya 1920, na ukoo huo ndio uliotuletea primakwini. Bluu ya methilini yenyewe imo kwenye orodha ya dawa za kuepukwa na mwenye upungufu wa G6PD.

Si hadithi ya kale tu. Mwaka 2008 dawa ya malaria ya Lapdap, iliyotengenezwa kwa ajili ya Afrika na kuwa na dapsoni ndani yake, iliondolewa sokoni baada ya majaribio kuonyesha kwamba inapasua damu ya wagonjwa wenye upungufu huo.

Maudhi na madhara

Kule Tanzania tulizoea kuambiwa "maudhi madogo madogo" ya dawa: kichefuchefu, kizunguzungu, kuwashwa na klorokwini. Hayo hupita. Madhara ni jambo jingine: macho kuwa njano, mkojo kukolea, ngozi kutoka malengelenge na midomo kuchubuka, kuishiwa nguvu ghafla. Hapo haifai kungoja dozi iishe.

Dunia ilijifunza hili kwa uchungu mwaka 1961, ilipogundulika kwamba dawa ya thalidomidi, waliyopewa wajawazito, imezaa watoto wasio na mikono au miguu kamili. Mwaka 1968 Shirika la Afya Duniani likaanzisha mpango wa nchi kupeana taarifa za madhara ya dawa. Mpango huo hauwezi kufanya kazi kama mzazi wa Nyanza-Lac au wa Kasulu ananyamaza. Taarifa yako ndogo, ukimpa muuguzi au daktari akaiandika, inaweza kumwokoa mtoto usiyemjua.

Tangu mwaka 2010 shirika hilo linataka kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa. Vipimo vya haraka vimeenea vituoni, na ni msaada mkubwa. Lakini kipimo cha haraka hujibu swali la malaria tu. Hakitakuambia kwamba seli zimeng'atwa.

Kwa wenzangu wa mpakani

Mwanangu hakuhitaji kuongezewa damu. Dawa ilisimamishwa, akapewa nyingine, akaangaliwa kwa karibu. Siku chache baadaye yule mtaalamu alinionyesha kioo cha tatu, kilichotiwa rangi nyingine ya bluu: seli changa zenye nyuzinyuzi kama wavu, dalili kwamba mwili unajenga damu upya. Kipimo cha G6PD tulikifanya baada ya miezi mitatu, maana mara tu baada ya seli kupasuka hubaki zile changa zenye kimeng'enya cha kutosha, na jibu linaweza kudanganya. Kilithibitisha upungufu.

Ndugu zangu, sina mamlaka ya kumkataza mtu kubeba dawa. Najua zahanati huwa mbali, na najua mfuko unavyokuwa mwezi ukiwa katikati. Lakini kwa uchache tufanye haya. Tusinunue kidonge kilichotolewa kwenye boksi lake. Tukishanunua, tulitunze boksi au lile karatasi lake la bati, hata kama dawa imekwisha. Tusimpe mtoto dawa kwa sababu ilimfaa mtu mzima. Na tukifika hospitali, tuitaje kila tuliyokunywa, pamoja na za kienyeji, hata kama tunaona haya. Mtaalamu wa maabara huchagua rangi kulingana na tulichomwambia.

Mwanangu sasa ni kijana mkubwa. Ndani ya kitambulisho chake kuna kikaratasi chenye majina ya dawa asizotakiwa kunywa, nilichokiandika kwa Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili, ili asomeke pande zote mbili za mpaka. Jirani yetu bado anavuka Mugina na kikapu chake. Akiombwa kuleta dawa siku hizi hujibu kwa swali: "Karatasi ya daktari iko wapi?"

Nami, kila mwaka nikianza somo la seli, huwaita wanafunzi mbele, nabandua ngozi ya kitunguu, nadondosha iodini. Wakishamaliza kushangilia matofali, huwasimulia habari za benchi lile, na uongo nilioutamka nikiwa nimempakata mtoto.