Mashine ya Usingizi: Nani Apandishe Msukumo wa Hewa?



Mzee wetu mmoja wa Louisville, dereva wa lori, aliambiwa na daktari kwamba anapolala pumzi humkatika zaidi ya mara 30 kwa saa. Kiasi hicho huhesabiwa kuwa ugonjwa mkali. Akapewa mashine ya kusukuma hewa, nayo ikawekwa namba 9. Wiki ya kwanza alihisi anakabwa. Mpwa wake aliyeko Columbus, kijana hodari wa mitambo, akamwelekeza kwa simu jinsi ya kuingia katika ukurasa wa tabibu, wakapandisha hadi 15. Asubuhi mzee aliamka tumbo limejaa hewa mfano wa ngoma, na barakoa ikimvujia machoni. Akaisukuma mashine chini ya kitanda, akarudi barabarani na usingizi wake. Mkewe ndiye aliyetusimulia, na hakuwa akicheka.

Namba hizo ni sentimita za maji. Tia mrija katika ndoo hadi sentimita 10 chini ya maji, kisha puliza mpaka povu litoke: huo ndio msukumo wa 10. Mashine nyingi huanzia 4 na kukomea 20. Hewa hiyo huzuia koo lisijifunge mtu alalapo. Jambo hili lilibuniwa na Dkt. Colin Sullivan mjini Sydney, Australia, naye akalitangaza mwaka 1981. Msukumo ukipungua mno, koo hufunga na mkoromo hurudi. Ukizidi, barakoa huvuja, hewa humezwa, na kwa baadhi ya watu ubongo wenyewe husahau kuamuru pumzi. Kwa hiyo namba ni dozi, kama dozi ya dawa ya sukari, na haipandishwi kwa simu ya mpwa, hata awe fundi wa namna gani.

Lakini si kila kero ni ya namba. Anayehisi kukabwa mwanzoni aombe aonyeshwe kitufe cha kuanza polepole: hewa huanza chini, ikapanda kidogo kidogo hata usingizi umchukue. Hicho ni halali yake kukigusa. Barakoa nayo yaweza kubadilishwa. Zipo za pua tu, na zipo za pua na mdomo. Ndugu zetu wa Buffalo hulalamikia maji yanayogugumia ndani ya mpira usiku wa theluji. Chumba kikiwa baridi, mvuke hugeuka maji njiani. Uvisheni mpira kitambaa, au punguzeni unyevu. Na chombo cha maji kitiwe maji yaliyokenekwa, yale ya galoni madukani, si ya bombani.

Mashine huandika kila usiku: saa ulizoivaa, hewa iliyovuja, na mara ulizokatika pumzi. Zikiwa chini ya 5 kwa saa, mambo ni mazuri. Iombeni kliniki iisome ripoti hiyo pamoja nanyi. Mara nyingi hubadilisha namba kutoka huko huko waliko. Na msione haya kudai mkalimani. Hospitali ipokeayo fedha za serikali kuu inawajibika kumtoa bila malipo, chini ya Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964. Mtoto wa miaka 12 asifanywe mkalimani wa pumzi za babake.

Msiazimane mashine pia. Ya jirani ina namba ya jirani, na mnamo Juni 2021 kampuni ya Philips iliziita zirudishwe mashine zake nyingi kwa sababu ya sifongo iliyokuwa ikimeguka ndani.

Ramadhani usingizi hukatwa na daku. Ukirudi kitandani, ivae tena. Na hata usingizi wa mchana una haki yake.

Mzee wetu alirudi kliniki na mkalimani. Walimpa barakoa nyingine, namba ikarudi 9, na kuanza polepole kukawashwa. Mkewe asema zamani alikuwa akikesha kusikiliza kama bado anapumua. Siku hizi humwamsha yeye kwa daku.