Kenya: Nafasi ndogo inayolinda injini za Datsun 240Z

Datsun 240Z, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973, lingali likionekana nchini Kenya katika mbio za magari ya kale. Injini ikiwa moto, fundi huacha milimita 0.25 kati ya kamu na roka ya valvu ya kuingiza hewa, na 0.30 kwa ile ya kutolea moshi, ambayo hupata joto kali zaidi. Nafasi ikipungua, valvu haifungi barabara, nayo huungua kimyakimya. Ikizidi, hugonga, kelele inayotisha kuliko madhara yake. Cheni ya taimingi ikirefuka, kamshafti huchelewa na nguvu za mzunguko wa chini hupotea. Gia ya kamshafti ina matundu matatu ya kusahihishia kasoro hiyo. Tundu la tatu likishindwa, cheni hubadilishwa.