Mtwara: mji wa karanga unaoishi kwa korosho

Anayetaka kuielewa biashara ya Mtwara aanzie Mikindani. Huko ndiko kulikokuwa na mji: majahazi, nyumba za mawe, na boma la Wajerumani la mwaka 1895. Mtwara yenyewe ilichorwa baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walipotaka kulima karanga Nachingwea na kusaka bandari yenye kina cha kupokea meli kubwa. Ramani ya 1948 iliutazamia mji wa watu hadi 200,000. Mradi ulioanza 1947 ukavunjwa 1951, ukiwa umemeza zaidi ya pauni milioni 30. Bandari ikafunguliwa 1954, karanga zenyewe hazipo, na reli ya Nachingwea ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Ndiyo maana barabara za mjini ni pana na mitaa yake imeachana. Sensa ya 2012 ilikuta watu wapatao 108,000 tu, kama nusu ya waliotarajiwa.

Ahadi ya pili ilikuwa gesi. Iligunduliwa Ghuba ya Mnazi, karibu na maingilio ya Mto Ruvuma, mwaka 1982, lakini homa yake ilipanda miaka ya 2010. Viwanja vikapanda bei, nyumba za wageni zikaota kila upande, watu wakakopa wajenge. Serikali ilipoamua kuipeleka gesi Dar es Salaam kwa bomba, wananchi waliona viwanda vyao vinaondoka nayo. Ghasia za Januari na Mei 2013 zilichukua roho za watu, na hasira ile ilikuwa na msingi wa kiuchumi. Bomba lilizinduliwa Oktoba 2015, na mwezi huohuo kiwanda cha saruji cha Dangote. Kiwanda hicho kimebaki na kimeajiri. Nyumba nyingi za wageni hazikupata wageni waliotarajiwa.

Aliyeubeba mji muda wote huo ni mkulima wa korosho. Kuanzia Oktoba magunia hutoka vijijini hadi AMCOS (vyama vya msingi vya ushirika), kisha ghala kuu, kisha mnadani chini ya stakabadhi ghalani, mfumo ulioanza 2007. Fedha za mnada zikiingia, utaziona madukani: mabati, pikipiki, ada za shule, mahari. Zikichelewa, muuza nguo wa sokoni hujua kabla ya mwenye benki. Mwaka 2018 wakulima walipoigomea bei ya wanunuzi, Rais Magufuli aliagiza korosho zinunuliwe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi lizisombe. Bei ilikuwa nzuri, lakini malipo yalichelewa, na biashara za mjini zikakaukiwa.

Bandari nayo imekuzwa. Gati jipya la mita 300 limegharimu zaidi ya shilingi bilioni 150, na makaa ya mawe kutoka mkoa wa Ruvuma sasa huipa kazi hata msimu wa korosho ukiisha. Hilo ni jambo kubwa, kwa kuwa makuli na wenye malori hawawezi kula miezi minne ya mwaka na kufunga minane.

Kinachoniuma ni kwamba sehemu kubwa ya korosho inapakiwa ikiwa ghafi kwenda India na Vietnam, ikabanguliwe kule. Viwanda vya kubangua vilivyojengwa kusini miaka ya 1970 kwa mikopo ya Benki ya Dunia vingi vilifungwa, baadhi vikageuzwa maghala. Kila gunia linaloondoka na maganda yake linaondoka na ujira wa kina mama wa Masasi, Newala na Tandahimba, pamoja na mafuta ya maganda ambayo nayo yana soko.

Gesi ipo, umeme upo, gati lipo, malighafi ipo. Wenye mitaji wa Mtwara na vyama vya ushirika wasingoje mgeni wa tatu mwenye ahadi: waanze na mashine za kubangua, na Serikali iwape kipaumbele cha kununua korosho kabla mnada haujafunguliwa kwa wasafirishaji.