Ndege wa Kwenye Jezi

Shabiki wa Liverpool pale Mombasa atakutajia kikosi kizima na wachezaji wa akiba bila kupepesa macho. Sasa muulize yule ndege wa kifuani kwenye jezi ni ndege gani. Tai? Bata? Asione haya akikwama. Hata wenye mji wa Liverpool wameshawahi kuchanganyikiwa.

Alianza akiwa tai. Mfalme John aliupa mji huo wa kando ya mto Mersey hati yake mwaka 1207, na tai wa Mtakatifu Yohana akaingia kwenye muhuri. Mchoraji, tuseme ukweli, hakuwa fundi. Vizazi vya baadaye vilipoitazama ile shingo ndefu, vikaona mnandi, ndege wa majini anayepiga mbizi kutafuta samaki. Nembo rasmi ya 1797 ikamaliza ubishi: mnandi, na mdomoni kabana mwani.

Wanaopigwa picha na watalii ni wawili, wa shaba, waliopandishwa mwaka 1911 juu ya minara ya jengo la Royal Liver. Neno Liver hapo hutamkwa “laiva”. Wenye jengo walikuwa kampuni ya bima iliyozaliwa 1850 ikiwa chama cha kuzikana, kama vile vya mitaani kwetu. Kila ndege ana kimo cha mita 5.5 hivi, na mabawa yaliyotanuka mita 7 na ushei. Nyaya zimewashikilia, maana upepo wa pale hauna mzaha. Wenyeji wana maelezo yao: wamefungwa wasiruke, kwa kuwa siku wakiruka, mji nao kwisha.

Wamepeana mgongo. Jike, Bella, anatazama majini akiwangoja mabaharia. Dume, Bertie, anatazama mjini. Watani husema anachungulia kama baa zimefunguliwa.

Aliyewabuni ni Carl Bernard Bartels, mchonga mbao wa Kijerumani aliyehamia Uingereza na kushinda shindano la usanifu wao. Vita vya Kwanza vya Dunia vikamgeuza adui. Alifungiwa kambini katika Kisiwa cha Man, kisha akarudishwa Ujerumani ilhali mkewe yuko Uingereza. Ndege wakabaki juu, jina lake likafifia.

Baadaye alirudi. Vita vya Pili vilimkuta akitengeneza miguu na mikono ya bandia.