Usimamizi si ukaguzi

Neno usimamizi limebeba maana mbili zisizopatana. Muuguzi anayehudumu mahali kama Kulamawe, Kaunti ya Isiolo, huamua mengi peke yake: yupi atibiwe pale pale, yupi apelekwe hospitali ya mbali. Msimamizi akija kuhesabu dawa na kupekua madaftari, kisha akaenda zake, huo ni ukaguzi, walimu mnaufahamu. Usimamizi wa kitaaluma ni mazungumzo ya faragha yenye ratiba, ambamo mwenzake mwenye uzoefu humsaidia kuupima uamuzi wake na kukiri shaka bila hofu ya adhabu. Tangu 2013 zahanati zimo mikononi mwa kaunti. Basi kaunti ziyatengee mazungumzo hayo saa na nauli. Mficha uchi hazai. Lakini ni nani atakayejifunua mbele ya mkaguzi?